Je, machozi yangu ndiyo yanayonizungusha jangwani?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 36, tumefunga ndoa miaka sita iliyopita na hatujapata mtoto. Mwaka jana mume wangu alipunguzwa kazini, na tangu hapo tunaishi kwa genge langu la mboga. Juzi kwenye semina mhubiri mgeni alifundisha kwamba safari ya Waisraeli kutoka Misri mpaka Kanaani ilikuwa ya siku 11 tu, ila manung'uniko yaliifanya ikawa miaka 40. Akaniita mbele, akasema mimi nazunguka mlima mmoja kwa sababu ya kinywa changu na laana ya ukoo wa mama yangu. Ni kweli huwa nalia usiku na kumuuliza Mungu kwa nini mimi. Aliniambia nifunge kavu siku 11 na nitoe sadaka ya kufungua lango, laki tatu, na ahadi nimeshaandika kwenye bahasha. Nina vidonda vya tumbo. Jirani yangu Mwislamu naye anasema kisa hicho kipo hata kwenye Kurani na wale watu waliadhibiwa kweli. Je, Mungu ananizungusha kwa sababu ya kulia kwangu?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na tumbo, Biblia itafuata. Mtu mwenye vidonda vya tumbo hafungi kavu siku 11, na hata mwenye tumbo zima asijaribu, kwa sababu mwili usiopata maji hauhimili muda huo. Kama umeshaanza, acha leo hii. Kunywa maji, kula kitu laini. Hakuna andiko utakalokuwa umelivunja. Aliyekaa siku 40 bila chakula wala maji ni Musa, juu mlimani mbele za Mungu, na aliposhuka hakumwagiza mtu yeyote amwige. Wale watu walipokosa maji walipewa maji, walipokosa chakula walipewa chakula. Hakuna mahali walipoambiwa wafunge ili wafike upesi.

Sasa swali lenyewe. Ninavyokusoma, kinachokusumbua si hesabu ya siku. Unaogopa kwamba yale machozi ya usiku yamegeuka kuwa mashtaka, na kwamba kila ukiuliza "kwa nini mimi" Mungu anakuongezea mwaka mwingine. Juu ya hapo umetwishwa mzigo wa ukoo wa mama yako, watu ambao wengine wao hata hukuwakuta. Nitayachukua haya taratibu, na pale ambapo mhubiri wako ana hoja nitasema ana hoja.

Siku 11 zimeandikwa kweli, Kumbukumbu la Torati 1:2. Lakini mstari huo hauzungumzii Misri na Kanaani. Unazungumzia mwendo wa kutoka Horebu, yaani Sinai, mpaka Kadesh-barnea kwa njia ya mlima Seiri. Fuatilia tarehe zenyewe uone. Walitoka Misri mwezi wa kwanza, wakafika Sinai mwezi wa tatu. Pale walikaa karibu mwaka mzima, wakapewa Amri Kumi, wakajenga hema ya kukutania, wakahesabiwa. Hesabu 10:11 inasema waliondoka Sinai siku ya ishirini ya mwezi wa pili, mwaka wa pili. Njiani kukawa na mkasa wa kware, kukawa na siku saba za kumsubiri Miriamu aliyepigwa ukoma. Wapelelezi walipotumwa, zabibu za kwanza zilikuwa zinaiva. Maana yake ni kwamba miaka miwili ilikuwa haijatimia na tayari walikuwa wamesimama Kadeshi, mpakani mwa nchi waliyoahidiwa. Njia hawakuipotea. Mlangoni walifika, na kwa muda unaoeleweka.

Hata ile njia ndefu ya mwanzo haikuwa adhabu. Kutoka 13:17 inaeleza kwamba kulikuwa na njia fupi, ile ya nchi ya Wafilisti, na Mungu mwenyewe ndiye aliyewaepusha nayo, wasije wakaona vita wakakata tamaa na kurudi Misri. Watu waliotoka utumwani juzi hawakuwa tayari kwa vita, na yeye alilijua hilo. Kwa hiyo ndani ya safari moja kuna jangwa la aina mbili: lile la kabla ya Kadeshi, ambalo Mungu aliwapitisha kwa makusudi na kwa huruma, na lile la baada ya Kadeshi, ambalo lilikuwa matokeo ya kosa. Mahubiri mengi ninayoyasikia huyachanganya yote mawili kwenye chungu kimoja, kisha kila mwenye shida anapakuliwa humo humo.

Kwa hiyo Kadeshi palitokea nini? Wapelelezi walikuwa 12. Walizunguka nchi siku 40 na kurudi na kishada cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwenye mti. Kumi wakasema nchi ni nzuri ila wenyeji wake ni majitu, na sisi tulijiona kama panzi mbele yao. Wawili, Kalebu na Yoshua, wakasema twende. Usiku ule watu wakalia. Ndiyo, wakalia, Biblia haifichi. Lakini soma kilichofuata baada ya kilio, Hesabu 14 kuanzia mstari wa pili. Walisema ingalikuwa heri kufia Misri. Wakaambizana wamweke kiongozi mwingine, warudi. Kalebu na Yoshua walipowasihi, umati ukataka kuwapiga kwa mawe. Huo tena si unyonge wa mtu aliyechoka. Ni uamuzi wa kuikataa ahadi, kumwondoa aliyewaongoza, na kuwaua waliokuwa wanasema ukweli. Zaburi 106 inapokumbuka siku hiyo inasema waliidharau ile nchi ya kupendeza na hawakuliamini neno lake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 3, unahitimisha kwamba hawakuweza kuingia kwa sababu ya kutokuamini.

Musa akawaombea. Hapo kuna mstari ambao sijawahi kuusikia kwenye semina za kufungua malango, nao ni wa 20 wa Hesabu 14: Bwana akajibu kwamba amewasamehe, kama Musa alivyoomba. Msamaha ulitangulia, ndipo ikatamkwa miaka 40, mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi. Kwa hiyo hata katika ile hukumu yenyewe, watu waliokuwa wakizunguka nyikani walikuwa watu waliosamehewa. Walibaki na matokeo ya walichokichagua, lakini hawakuwa wametupwa. Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakaa sawa.

Asubuhi yake, kwa taarifa yako, walibadili mawazo. Wakapanda mlimani na silaha, wakisema tumekosa, sasa twende. Musa akawaonya kwamba Bwana hayumo kati yao. Hawakusikia. Sanduku la agano halikutoka kambini, na wao wakapigwa mpaka Horma. Katika sura nzima, kitu pekee kinachofanana na kufuta miaka 40 kwa juhudi ya siku chache ni hicho.

Sasa manung'uniko. Hapa mhubiri wako ana hoja, na sitaificha. Hesabu 14:27 inalitaja kosa hilo kwa jina, na Paulo kwenye 1 Wakorintho 10 anawaonya Wakristo wasinung'unike kama wale. Lakini Biblia haikuweka kila kilio kwenye gunia moja. Kabla ya Sinai watu walilalamika mara tatu mfululizo: maji machungu kule Mara, njaa katika jangwa la Sini, kiu kule Refidimu. Mara zote tatu hakuna aliyeadhibiwa kwa kulalamika. Maji yalifanywa matamu, mana ikashuka, mwamba ukatoa maji. Walikuwa na kiu kweli, na Mungu alijibu kiu yao.

Kisha nenda Hesabu 11, ambapo malalamiko mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu. La kwanza ni la watu waliotamani nyama, wakawa wanahesabu matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu vya Misri, na samaki waliokula bure. Bure! Watu waliochapwa viboko kwa kufyatua matofali. Malalamiko hayo yaliigeuza nyumba ya utumwa kuwa nyumbani kuzuri, na mwisho wake ulikuwa makaburi. La pili ni la Musa mwenyewe. Alimwambia Mungu: mbona umenitenda vibaya? Je, mimba ya watu hawa niliichukua mimi? Siwezi kuwabeba peke yangu. Kama ndivyo, niue. Maneno mazito kuliko yako, dada yangu. Na jibu? Hakukemewa. Aliambiwa akusanye wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye.

Tofauti basi haiko kwenye machozi, wala kwenye ukali wa maneno. Musa alikuwa anasema na Mungu, ana kwa ana, kuhusu mzigo alioushindwa. Wale wengine walikuwa wanasema juu ya Mungu, pembeni, huku wakipanga kurudi walikotoka. Wewe umeniandikia kwamba usiku unamuuliza Mungu. Unayemuuliza hujamwacha. Kitabu cha Zaburi kimejaa maswali ya namna hiyo, na kanisa limeyaimba kama sala kwa karne nyingi bila kumwita mwimbaji mbele akemewe.

Nikirudi kwenye miaka yenyewe. Kumbukumbu la Torati 2:14 inasema kutoka Kadesh-barnea hadi kuvuka kijito cha Zeredi ilikuwa miaka 38. Watu wengi wanawaza kundi linalotembea kila siku kwa miaka hiyo yote, likizunguka. Sivyo ilivyoandikwa. Pale Kadeshi walikaa siku nyingi. Hesabu 9 inaeleza kwamba wingu lingeweza kutua siku mbili, au mwezi, au zaidi ya hapo, nao walikaa hapo hapo mpaka liinuke. Hesabu 33 inaorodhesha vituo vyote, na mwanazuoni Origeni wa Aleksandria, katika karne ya tatu, alivihubiri vituo hivyo 42 kama hatua za nafsi inayokua kuelekea kwa Mungu. Katika vituo vile kulikuwa na maisha. Watu walioa, wakazaa, wakazika, wakagombana, wakafundisha watoto.

Na kila asubuhi mana ilikuwapo, pishi moja kwa kichwa, siku ya sita maradufu, Sabato hakuna. Aliyeweka akiba kinyume na agizo alikuta mabuu. Haikuuzwa, wala haikukatwa kwa mtu aliyenung'unika jana yake. Ilikoma lini? Yoshua 5:12: siku iliyofuata baada ya kula mazao ya nchi, kule Gilgali, wakiwa wameshavuka Yordani. Haikukatika siku moja kabla ya wakati wake, hata kwa kizazi kilichohukumiwa. Musa akiwaaga anawakumbusha kwamba nguo zao hazikuchakaa na miguu yao haikuvimba (Kumbukumbu la Torati 8:4). Sura hiyo hiyo inataja kusudi la miaka ile: kuwanyenyekeza, kuwajaribu, na kuwafundisha kwamba mwanadamu haishi kwa mkate tu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huwa nalisimamisha darasa kwa ajili yake. Hesabu 14 inaishia na kichapo cha Horma. Watu wamehukumiwa, wameshindwa vita, wanalia. Geuza ukurasa. Hesabu 15 inaanza: mtakapoingia katika nchi ya makao yenu niwapayo. Kisha zinafuata kanuni za sadaka za unga, mafuta na divai, vitu vya mtu mwenye shamba, mwenye mizeituni na mizabibu. Hawana hata kimoja. Wako nyikani na watabaki nyikani kwa miongo, na Mungu anawafundisha namna ya kutoa shukrani za mavuno. Ahadi haikufutwa hata kwa usiku mmoja.

Tuje kwenye suala la ukoo, maana naona hilo ndilo lililokuchoma zaidi. Waliohukumiwa kutoingia walikuwa wa miaka 20 na kuendelea. Hesabu iliyofanywa mwishoni, katika Hesabu 26, ilipata wanaume 601,730, na katika waliohesabiwa kule Sinai walikuwa wamebaki wawili tu, Kalebu na Yoshua. Hivyo kadiri miaka ilivyokwenda, watu waliokuwa jangwani walikuwa ni wale waliokuwa watoto siku ya Kadeshi, au waliokuwa hawajazaliwa kabisa. Na Biblia ni wazi kwamba watoto hao waliumia kwa makosa ya wazazi. Hesabu 14:33 inasema watachunga nyikani miaka 40 wakiyabeba. Hiyo ni kweli ya maisha, na kila mtoto aliyelelewa na mlevi anaijua. Lakini kuumia kwa kosa la mzazi si sawa na kulaaniwa na Mungu. Watoto hao hao, ambao wazazi wao walisema watakuwa mateka, ndio walioingia.

Kama unataka mfano ulio mkali zaidi, mchukue Kora. Alimwasi Musa na Haruni, ardhi ikafumbua kinywa. Kama kungekuwa na ukoo wa kulaaniwa, ni ule. Lakini Hesabu 26:11 inatamka kwa maneno machache sana kwamba wana wa Kora hawakufa. Ukifungua Zaburi ya 42, yule anayesema machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku, tazama kichwa chake: ni ya wana wa Kora. Uzao wa mwasi mkuu wa jangwani ndio waliotuandikia maneno ya kulia mbele za Mungu. Na nabii Ezekieli, sura ya 18, anaukataa kabisa ule msemo wa baba kula zabibu chungu na meno ya watoto kufa ganzi.

Kisha kuna Kalebu. Nadhani wewe unamhitaji Kalebu kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa kupeleleza. Alisema kweli, akanusurika kupigwa mawe, na Mungu akamsifu. Halafu? Akarudi jangwani na wenzake. Alizunguka miaka ile ile, alikula mana ile ile, alizika watu wa rika lake wote isipokuwa mmoja, kwa kosa ambalo hakulifanya. Katika Yoshua 14 anasimama akiwa na miaka 85 kuomba urithi wake Hebroni, na hata hapo urithi wenyewe unaambatana na kazi, kwa sababu wale Waanaki waliowatisha wenzake miaka 45 nyuma bado walikuwa wanaishi huko. Sasa fikiria mhubiri angekutana na Kalebu katika mwaka wa ishirini. Angemtazama tu, mzee mwenye vumbi, akamwambia: naona unazunguka kwa sababu ya kinywa chako. Angekosea vibaya sana. Kwa kumtazama mtu jangwani huwezi kujua amefikaje hapo.

Na ule mlima? Anachonukuu mhubiri wako ni Kumbukumbu la Torati 2:3, ambapo Mungu anasema mmeuzunguka mlima huu vya kutosha, geukeni kaskazini. Ni mstari mzuri, nami nimeuhubiri. Ila usiishie hapo, soma mistari minne inayofuata. Wanaambiwa wanapita katika mipaka ya ndugu zao, wana wa Esau, wasigombane nao, hawatapewa hata mahali pa kukanyaga unyayo. Chakula wanunue kwa fedha, na maji ya kunywa wanunue kwa fedha. Kisha: miaka hii 40 Bwana Mungu wako alikuwa pamoja nawe, hukupungukiwa na kitu. Huo ndio mwisho wa kuzunguka, kama ulivyoandikwa. Hakuna lango linalolipuka. Kuna kugeuka, kuishi kwa amani na ndugu, kulipia maji, na kukumbuka kwamba hukuwa peke yako.

Jirani yako amesema kweli. Kisa kipo katika Surat Al-Maida, aya ya 20 mpaka 26. Musa anawaambia waingie nchi takatifu, nao wanasema humo mna watu majabari. Watu wawili wacha Mungu wanawatia moyo, lakini wanamjibu Musa aende yeye na Mola wake wakapigane, wao watakaa hapo hapo. Ndipo nchi inaharamishwa kwao miaka 40, watangetange. Kosa linalotajwa hapo ni kukataa kuingia. Na Kurani hiyo hiyo, katika Al-Baqara aya ya 57, inataja kivuli cha mawingu, mana na salwa (kware) waliyoteremshiwa. Kwa hiyo hata upande wa pili wa ukuta wa nyumba yako, adhabu na malezi vinasimuliwa pamoja. Mngeweza kuongea vizuri sana, wewe na jirani huyo.

Wayahudi, ambao habari hii ni ya babu zao, hawaikumbuki kwa kuogopa tu. Kila mwaka, Septemba au Oktoba, wanaadhimisha Sikukuu ya Vibanda kwa siku saba kufuatana na Walawi 23, kukumbuka kwamba Mungu aliwakalisha babu zao vibandani. Ni sikukuu ya furaha, watu wanakula kibandani na wageni. Walimu wao wa kale walibishana, na ubishi umehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao: Rabi Akiba alisema kizazi cha jangwani hakina sehemu katika ulimwengu ujao, Rabi Eliezeri akasema kinayo, akitoa ushahidi kutoka Zaburi ya 50. Hata manabii hawakusema kwa sauti moja. Ezekieli anaiona miaka ile kama uasi mtupu, Yeremia anaikumbuka kama siku za uchumba, na Hosea anamsikia Mungu akisema atampeleka mpenzi wake nyikani tena ili aseme naye maneno ya kumtuliza moyo. Kwa Wakristo, Yesu mwenyewe aliongozwa na Roho kwenda jangwani siku 40, bila kosa lolote, na majibu yake matatu kwa mjaribu yote aliyatoa kwenye Kumbukumbu la Torati, kwenye hotuba ile ile ya Musa kuhusu jangwa.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kama wachimbaji wa mambo ya kale wamepata ushahidi. Kwa kifupi: mahali panapodhaniwa kuwa Kadesh-barnea, penye chemchemi ya Ain el-Qudeirat kaskazini mashariki mwa Sinai, pamechimbwa, na kilichopatikana ni ngome za nyakati za wafalme, za baadaye kuliko Musa. Wataalamu wanabishana kuhusu maana ya hilo na kuhusu ukubwa wa lile kundi. Ni mjadala halali, ila si huo uliokuondolea usingizi wewe.

Sasa, je, yawezekana kwamba sehemu ya shida ya mtu ni matokeo ya kosa lake? Yawezekana, nisingekuwa mkweli nikikataa. Lakini tazama Kadeshi ilivyokuwa: waliambiwa kosa lao ni lipi, adhabu ni ipi, na itachukua muda gani. Hakuna aliyeachwa akibahatisha, wala aliyelazimika kumlipa mgeni amtafutie kosa lake. Kama kuna jambo unalolijua dhahiri, deni ulilokana, mtu uliyemdhulumu, litengeneze na mhusika mwenyewe. Kama umejichunguza na hulioni, acha kuchimba. Utasa hauwi hukumu kwa sababu tu umechukua muda mrefu, na mume wako hakupunguzwa kazini kwa sababu wewe ulilia.

Kuhusu bahasha: Biblia inachukulia nadhiri kwa uzito, na najua hilo linakukaba. Lakini nadhiri ni neno la hiari la mtu kwa Mungu wake. Hofu uliyotiwa mbele za watu kwa kusomewa laana ya mama yako ni kitu kingine. Maoni yangu ni kwamba huna deni la laki tatu, na mtaji wa genge usiuguse. Mwone mchungaji wako mwenyewe, anayekujua, au mzee wa kanisa wa kike unayemwamini, muombe pamoja uachie moyo. Wakikupigia simu wakidai, mpe mumeo aipokee.

Kuhusu mtoto, huko mimi si mtaalamu, ila ninalojua ni hili: madaktari huanza uchunguzi baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na mwanamke akishavuka miaka 35 hawasubiri zaidi ya miezi sita. Nyinyi mna miaka sita. Nendeni hospitali ya mkoa mkaonane na daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, nyote wawili, kwa sababu tatizo huweza kuwa upande wowote au pande zote mbili, na kipimo cha mwanamume ni chepesi kuliko vyako. Hapo hapo mweleze daktari kuhusu vidonda vya tumbo. Na kama usiku umefika mahali unatamani usiamke, kama Musa alivyotamani, usilibebe peke yako mpaka siku ya kliniki. Mwambie mumeo leo, mwambie dada au rafiki mmoja, na mwende hospitali bila kungoja. Musa alipewa watu 70. Wewe anza na wawili.

Kliniki hizo huwa na foleni ndefu, kwa hiyo ondokeni alfajiri, na genge mwachie mtu wa kulishika kwa siku hiyo.